Alama ya Kiatu

Najua ya kuwa wengi hupenda kurasa hizi zijazwe mashairi na habari za mpira, nami nazipenda pia. Lakini muhula huu chama chetu cha majadiliano kilijadili hoja isemayo, "Ushahidi wa sayansi ni bora kuliko ushahidi wa macho," na upande ulioikubali ulishinda kwa kura nyingi. Siku ile mimi nilikaa kimya, na wanaonijua walishangaa sana. Nilinyamaza kwa sababu neno nililokuwa nalo halikufaa kusemwa kwa dakika tatu, huku mwenyekiti ameshika kengele. Basi nalisema hapa.

Wasemaji wa siku ile walituambia kwamba shahidi wa macho aweza kudanganya, aweza kuwa na chuki, aweza kuona vibaya gizani. Bali alama ya kidole, au damu, au kipimo cha maabara, havina chuki na mtu. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Alama haina chuki, lakini pia alama haina mdomo. Asemaye ni yule aliyeitazama, naye ni mwanadamu: aweza kuwa na haraka, aweza kuwa na majivuno, aweza kuwa amekwisha ambiwa jina la mshukiwa kabla hajaanza kupima. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu mtu huyo nimepata kuwa mimi.

Mwaka jana, katika muhula wa pili, ghala ya jikoni ilivunjwa usiku, ikaibwa sukari na debe la mafuta. Mvua ilikuwa imenyesha, na chini ya dirisha palikuwa na alama moja safi ya kiatu katika tope. Mwalimu wa zamu alijua kwamba napenda fizikia, na tena nilikuwa kiranja wa bweni, akaniambia nipime. Sikungoja kuambiwa mara mbili. Nilileta rula na karatasi ya grafu, nikapima urefu, nao ulikuwa sentimita 28 na nusu. Nikazichora nyota ndogo ndogo zilizokuwa katika soli, nikachora na ufa uliokata kisigino mshazari. Picha ile ilikuwa nzuri, nakiri kwamba niliionea fahari.

Kisha tulikwenda mabwenini kutazama viatu. Lakini nisiwafiche: kabla hatujaondoka pale dirishani, jina lilikuwa limekwisha tajwa. Ni kijana wa Kidato cha Tatu, fukara kuliko wengi, ambaye alionekana karibu na jikoni jioni ile. Tulikwenda kitandani pake kwanza, tukatoa raba zake chini ya kitanda. Soli ina nyota. Kisigino kina ufa. Urefu ni ule ule. Hatukutazama kitanda kingine hata kimoja.

Mbele ya kamati ya nidhamu niliulizwa, "Una hakika?" Nikajibu, "Nina hakika kabisa. Ni kiatu hiki hasa, si kingine." Yeye alisema tu kwamba usiku ule alikuwa amelala. Nani angemsikiliza? Mimi nilikuwa na karatasi yenye mistari na tarakimu. Siku ya pili alipelekwa nyumbani, na nyumbani kwake ni Nakivale, kama kwangu.

Mama yake alikuja juma lililofuata, akaomba jambo litazamwe tena. Nawasifu walimu kwamba hawakumrudisha mlangoni. Walikaa mara ya pili. Lakini walikuwa na nini cha kutazama? Alama ilikwisha ondolewa na mvua. Kilichobaki ni karatasi yangu. Wakaisoma, nayo ikasema yale yale iliyosema mara ya kwanza.

Niache hapo kidogo, maana tangu wakati ule nimekuwa nikisoma habari za mahakama kila ninapopata kitabu, nami nimeona kwamba kosa langu si la mtoto wa shule peke yake.

Waingereza, ambao sheria yao ndiyo mama wa sheria yetu ya Uganda, walipata kisa cha namna hii. Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika vilabu viwili vya pombe mjini Birmingham, wakafa watu 21. Jioni ile watu watano wa Ireland walikuwa katika treni kuelekea bandari ya Heysham, ili wavuke kwa meli kwenda mazishini Belfast. Walikamatwa huko, na wa sita akakamatwa Birmingham. Mtaalamu wa serikali, Dr. Frank Skuse, aliifuta mikono yao kwa pamba, akaitia pamba hiyo dawa za kipimo kiitwacho Griess, na kwa wawili kati yao akaona rangi aliyoitafuta. Mahakamani alisema kwamba ana hakika ya asilimia 99 kuwa wawili hao wameshika naitrogliserini, yaani kitu cha kutengenezea mabomu. Mwaka 1975 wote sita walihukumiwa kifungo cha maisha.

Sasa, katika treni ile watu hao walikuwa wakicheza karata. Baadaye ilionekana kwamba kipimo kile huweza kutoa rangi ile ile kwa vitu vingine visivyo na dhambi, na kimojawapo ni ule mng'aro unaopakwa juu ya karata. Wenzangu wa darasa la kemia hawahitaji maelezo zaidi. Kipimo kinachogeuka rangi kwa vitu viwili hakiwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo viwili ulichonacho. Si kwamba kipimo kilidanganya. Kilijibu swali jingine, na mtu akalichukua jibu lile akaliweka mahali pasipo pake. Haki ni kusema pia kwamba si kipimo peke yake kilichowafunga: palikuwa na maungamo, ambayo wao walisema waliyatoa kwa kupigwa.

Walikata rufani, ikakataliwa mwaka 1976. Kesi ikarudi mbele ya majaji wa rufani mara ya pili, ikakataliwa mwaka 1988. Mara ya tatu, mwezi wa Machi 1991, wakaachiliwa. Yahesabu, ndugu msomaji: zaidi ya miaka 16. Na katika rufani ile ya mwisho sayansi yenyewe iliwasaidia, kwa sababu wataalamu wengine walizichunguza karatasi zenyewe za polisi na kuonyesha kwamba maandishi ya mahojiano hayakuandikwa kwa namna polisi walivyoapa. Kwa hiyo mimi si adui wa sayansi, kama rafiki yangu mmoja alivyonitania. Nasema tu kwamba walifunguliwa mlango siku kitu chenyewe kilipotazamwa tena na macho mengine.

Lakini kwa nini twende mpaka Birmingham? Kila mwanafunzi anayetoka Mbarara kwenda Kampala hupita Masaka, na kutoka sehemu za Masaka ndiko alikotoka Bwana Edmary Mpagi. Mwaka 1982 yeye na binamu yake, Fred Masembe, walihukumiwa kunyongwa kwa kumwibia na kumwua mtu mmoja. Katika kesi hiyo daktari alitoa ushahidi kwamba aliichunguza maiti ya mtu huyo. Nadhani mahakamani hakuna neno zito kuliko hilo. Shahidi akisema amesikia kelele, utamwuliza alikuwa umbali gani. Daktari akisema, "Nimempasua, amekufa kwa jeraha hili," utamwuliza nini?

Basi mtu huyo hakuwa amekufa. Alikuwa hai. Bwana Mpagi ameeleza mara nyingi kwamba daktari yule alikuwa amehongwa. Binamu yake alikufa gerezani mwaka 1985, kabla ukweli haujajulikana serikalini. Watu wa kwao hawakuchoka kuandika na kulalamika, na mwaka 1989 uchunguzi wa serikali ukathibitisha kwamba aliyesemekana kuuawa yu hai. Je, mlango ulifunguliwa siku ile? La. Bwana Mpagi alikaa Luzira miaka mingine zaidi ya kumi katika sehemu ya waliohukumiwa kufa. Alikuwamo humo mwaka 1999 watu 28 waliponyongwa. Alitoka mwaka 2000, baada ya miaka zaidi ya 18, na hata hapo hakutolewa na mahakama ya rufani, bali kwa msamaha wa Rais. Neno hilo "msamaha" limenitatiza sana. Alisamehewa nini?

Siwezi kulinganisha sukari ya shule na roho ya mtu. Lakini njia iliyofuatwa ni moja. Mtu mwenye ujuzi, au anayedhaniwa kuwa nao, huandika karatasi. Karatasi hupanda ngazi, kutoka mahakama hii hadi ile. Na kila ngazi kitu chenyewe huzidi kuwa mbali, karatasi huzidi kuwa nzito.

Sheria yetu yenyewe si mbaya, nami sitaki kuisingizia. Mwaka 1958, katika kesi ya Simon Musoke iliyotoka hapa Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba kama ushahidi ni wa dalili tu, haitoshi dalili hizo zipatane na hatia ya mshtakiwa. Lazima zisiweze kupatana na kutokuwa kwake na hatia, wala zisiweze kuelezwa kwa njia nyingine ya akili. Laiti ningaliyajua maneno hayo nilipokuwa nimeinama na rula yangu! Kadhalika, katika rufani ya Kifamunte Henry dhidi ya Uganda, namba 10 ya mwaka 1997, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mahakama ya kwanza ya rufani yapaswa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakisema. Na Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 28, humpa mshtakiwa mkalimani kama haelewi lugha, humpa wakili kwa gharama ya serikali kama kosa lake ni la kunyongwa au kifungo cha maisha, na humpa nafasi ya kuwahoji mashahidi na kuwaita wake.

Yote hayo ni mazuri. Lakini mimi nimekulia Nakivale, mahali palipoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda. Na leo utasikia Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali na Kiamhara katika njia moja ya sokoni. Nafikiri juu ya mtu wa kwetu aliyesimama mbele ya jaji hapa Mbarara. Mkalimani anaye. Wakili anaye, huenda wameonana asubuhi ile ile. Kisha yaja karatasi ya maabara. Atamwita mtaalamu gani aje kuipinga, na kwa fedha gani? Mahakama ya Rufani nayo huja kukaa hapa Mbarara kusikiliza rufani, jambo ambalo ni msaada mkubwa kwa watu wa huku. Lakini ikija huja kusoma yaliyoandikwa. Kama hapana mtu aliyeuliza swali la haki siku ya kwanza, jibu lake halimo katika maandishi, na jaji hawezi kupima upya kisichokuwamo.

Narudi kwenye kisa changu. Yule kijana alipokuwa Nakivale akichunga mbuzi wa jirani, sukari iliibwa tena. Hilo si ushahidi wa kutosha, maana wezi wawili waweza kuwako, lakini lilianza kuninyima usingizi. Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani, na siku moja nilipita soko la Base Camp nikitafuta daftari. Mzee mmoja alikuwa ametandaza raba juu ya turubai. Nikaokota moja na kuigeuza. Soli ina nyota. Nikageuza ya pili, na ya tatu. Nilihesabu jozi 19, zote mpya, na sita kati yake zilikuwa za urefu ule ule wa sentimita 28 na nusu, maana siku hizi natembea na rula. Nikajifariji kwamba hazina ufa. Nikamwuliza, "Mzee, viatu hivi ni imara?"

Akacheka, akainua mguu wake mwenyewe. Alikuwa amevaa raba za namna ile ile. "Kijana wangu, nisikudanganye. Ukivaa mwezi mmoja vitapasuka hapa." Akanionyesha kisigino. Ufa ulikuwa umekata mshazari, kama katika picha yangu. "Vyote hupasuka hapo hapo. Ndiyo maana nauza rahisi, na ndiyo maana watoto wa shule hununua."

Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama naumwa. Ule ufa ndio niliouita alama ya kiatu kimoja katika dunia nzima, kumbe ni kasoro ya kiwanda. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa katika maneno manne niliyoyaongeza mwenyewe: "hiki hasa, si kingine." Sikuwa nimeuliza ni viatu vingapi vingine vingefanana na alama ile. Wataalamu wakubwa nao wameanguka katika shimo hilo: mwaka 2015 F.B.I. ya Marekani ilikiri kwamba katika kesi ilizozipitia, ambamo watu wake walitoa ushahidi wa kulinganisha nywele kwa darubini, zaidi ya asilimia 90 zilikuwa na maneno yenye makosa, kwa maana walisema zaidi ya yale ambayo unywele waweza kusema.

Jioni nilikwenda kwa mama yake yule kijana. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, lakini ilinipotea. Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyepima kile kiatu." Akasema, "Kumbe ni wewe." Nikasema, "Ni mimi, mama, na nilikosea." Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Niliporudi shuleni niliandika karatasi ya pili kupinga karatasi yangu ya kwanza, nikaiambatanisha na jozi moja ya raba niliyoinunua kwa yule mzee. Mwalimu Mkuu aliipokea kwa heshima, na mwanzo wa mwaka huu kijana alirudishwa, ingawa alilazimika kurudia Kidato cha Tatu. Wako wanaosema alirudishwa kwa huruma. Si kweli, nami nimeandika haya ili isemwe wazi: alirudishwa kwa sababu haikuwako hoja ya kumwondoa. Wako pia wanaomwita Nyota mpaka leo, nao wanajua kwa nini wanamwita hivyo. Waache.

Najua jibu litakalonijia. Watasema, tukiwa waangalifu hivi hatutamkamata mwizi yeyote. Nawauliza, tulimkamata yupi? Siku tuliyomfukuza asiye mwizi ndiyo siku tuliyoacha kumtafuta mwizi. Huko Birmingham pia, wakati watu sita wasiohusika wakizeeka gerezani, waliotega mabomu hawakuwa wamehukumiwa kwa kosa hilo.

Ninachokiomba hapa shuleni si kigumu. Jambo likiwa la kumfukuza mtu, kitu chenyewe kihifadhiwe: alama ifunikwe kwa debe, ipigwe picha, kiatu kitiwe mfukoni na kuandikwa tarehe. Apimaye asiambiwe jina la mtu mpaka amalize. Mshtakiwa naye aruhusiwe kumchagua mwenzake apime kwa upande wake, hata kama ni wa Kidato cha Kwanza. Rula ni rula. Na apimaye aulizwe swali moja ambalo mimi sikuulizwa: "Ni vingapi vingine vingefanana?" Kama hajui, aandike kwamba hajui.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaosoma gazeti hili, ambao sasa ni madaktari, na polisi, na mawakili, nawaomba radhi kwamba mdogo wenu anawasemesha hivi. Lakini ninyi ndio mnaoandika karatasi zile za kweli. Mtu wa Nakivale akisimama kizimbani hajui Griess ni nani, wala hajui kuuliza. Atamtazama usoni yule mwenye koti jeupe tu, basi.

Karatasi yangu ya kwanza ingali katika faili la yule kijana. Niliiona mwezi uliopita nilipotumwa ofisini: picha ni safi, nyota zote zipo, na chini yake kuna sahihi yangu. Ya pili haimo. Labda imewekwa mahali pengine pamoja na zile raba. Nimeomba zote mbili zibanwe kwa pini moja, ya pili iwe juu. Sijajibiwa bado.